Kwenda Lushoto na Mtae kutoka Unguja: njia, baridi, na watoto

UmmuSalim_Mombasa
Assalaam alaikum. (Mombasa ya hapa Unguja, msije mkanielekeza njia ya Kenya.) Tunapanga kwenda Lushoto usiku 5, watu 7: wakubwa watatu akiwemo bibi wa miaka 70 mwenye magoti, na watoto wanne. Mmoja wao ana miaka 9 na ana selimundu (sikoseli). Tunachagua baina ya likizo ya katikati ya mwaka na ile ya Disemba. Nataka kujua:
- Boti ya asubuhi ya kwanza inatufikisha Lushoto siku hiyo hiyo kabla ya usiku?
- Kuchukua gari yetu kuna faida?
- Baridi yenyewe ni ya kiasi gani, na mtoto huyu inamfaa?
- Mtae, kile kijiji cha ukingoni mwa milima ya Usambara, kweli ni pazuri kama wanavyosema, au tukae Lushoto mjini tu?
Naomba jibu la mtu anayepajua, si la "nendeni tu mtafurahi".

MsambaaWaDarajani
Wa alaikum salaam, dada. Boti ya asubuhi: piga hesabu uone. Inaondoka Malindi, bandarini kwetu, kiasi cha saa 1, mko Dar saa 3. Kushuka, mizigo, kutoka bandarini, saa 3 na nusu. Kituo cha mabasi ya mikoani sasa ni Magufuli, Mbezi Louis, si Ubungo tena, na kutoka bandarini ni safari ya saa 1 hadi 1 na nusu kwa foleni za Dar. Mnafika Mbezi saa 5. Wakati huo mabasi mengi ya moja kwa moja ya Lushoto yameshaondoka, yanatoka alfajiri na asubuhi. Mtapanda basi la Moshi au Arusha, mkashushwe Mombo njia panda. Dar hadi Mombo ni saa 5 hadi 6, kupitia Chalinze, Segera na Korogwe. Yaani Mombo mnaingia magharibi, na bado kilomita 33 za kupanda.

Hizo kilomita 33 ndizo zinazowaponza watu wa visiwani. Kwenye ramani ni kidogo kuliko Mjini hadi Nungwi. Lakini ni lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde. Gari nzuri inachukua saa 1, ya abiria zaidi. Usiku na ukungu, na bibi na watoto, sikushaurini.

Bora mpande boti ya mchana siku ya kabla, mlale karibu na Mbezi (msilale Kariakoo, mtaamka saa 9 usiku kuwahi), mchukue basi la saa 12 asubuhi la moja kwa moja. Saa 7 au 8 mchana mko Lushoto, jua lipo, nyumba mnaiona mnayoingia.

Mkilazimika kushukia Mombo: kabla ya kupanda basi Mbezi, mwambieni konda mnashuka Mombo na mwelewane nauli pale pale, si njiani. Mombo mtapata Noah na Hiace za kupanda. Noah ina viti saba vya abiria, kwa hivyo watu 7 mnaenea lakini mizigo haienei. Atawaambia "inaingia", kisha mabegi yatakaa juu ya mapaja kona zote hizo. Kodini Hiace au Noah mbili.

Msimu: masika (Machi hadi Mei) usende, njia ya Mombo hadi Soni huangukiwa na udongo na mawe, na ikifungwa inafungwa kweli. Juni hadi Agosti ni kavu kiasi lakini baridi na ukungu wa asubuhi. Disemba joto ni zuri zaidi na plamu na pichi zinaiva, ila mvua za vuli zinaweza kuwa hazijesha. Lushoto mjini lami inafika, haikusumbui. Mtae ni njia ya udongo, mvua inasumbua.

Dereva_Mwera
Gari yenu iacheni nyumbani. Gari ya namba za Zanzibar inataka kibali cha kutembea bara, inataka kupandishwa kwenye meli ya mizigo, na mwisho wa yote dereva aliyezoea Unguja hajui kushuka mlima. Sisemi kwa dharau. Huku kwetu mteremko mrefu ni upi? Masingini?

Kwa atakayeendesha hata hivyo, au atakayekodi gari Dar, ayajue haya.

Kushuka Soni hadi Mombo usishikilie breki mfululizo. Pedi zinapata moto, mafuta ya breki nayo yanapata moto. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, na gari za pwani ndizo zenye unyevu. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedeli inazama hadi chini bila kushika. Kwa hivyo, mafuta yaliyopita miaka miwili badilisha kabla ya safari. Na shuka kwa gia: manyuo gia ile ile ambayo ungepandia, yaani ya 2 mara nyingi. Otomatiki toa kwenye D, weka 2 au L, au zima O/D kama gari yako ina kitufe hicho. Injini italia kwa sauti, iache ilie. Breki gusa, punguza, achia. Ukisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, simama penye nafasi dakika 20, na usimwagie maji magurudumu, diski itapinda.

Kupanda: maji ya rejeta yawe kamili na yenye kulanti (dawa ya kupozea injini), si maji ya bomba matupu. Sindano ya joto ikianza kupanda zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hata kama mtatokwa jasho, inavuta joto kutoka kwenye injini. Kona iliyojificha piga honi. Njia ikiwa haipitishi gari mbili, desturi ni anayeshuka kumpisha anayepanda, maana anayepanda akisimama kuondoka tena ni shida.

Mafuta jazeni Korogwe au Mombo.

Nesi_wa_Wete
Mtoto wa selimundu: jibu la mwisho ni la kliniki yake, muende wiki mbili au tatu kabla, si siku moja kabla. Haya ni ya kuzungumza na daktari na ya kujiandaa.

Urefu wa Lushoto, kiasi cha mita 1,400, kwa kawaida si tatizo kubwa wenyewe. Tatizo ni baridi, kukauka maji na kuchoka, vyote vitatu huanzisha maumivu, na safari hii ina vyote vitatu. Baridi inabana mishipa midogo, seli zilizopinda zinakwama. Kukauka maji kunatokea bila mtu kuhisi, kwa sababu kwenye baridi mtoto haoni kiu. Mpeni maji ya uvuguvugu au uji mwepesi kila saa mkiwa njiani, msingojee aombe. Ndani ya basi atavaa soksi na sweta hata kama Dar kuna joto, kiyoyozi cha basi kinatosha kumuanzishia. Asioge maji baridi hata mara moja. Akilowa mvua, avuliwe pale pale, si mpaka mfike nyumbani.

Chukueni dawa zake za siku zote za safari na siku tatu za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la juu ya basi. Dawa za maumivu kama alivyoandikiwa. Kadi yake ya kliniki. Lushoto mjini ipo hospitali ya wilaya. Mtae hospitali ya kiwango hicho hakuna, na kushuka kutoka kule ni saa nyingi. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumzuia mtoto huyu asilale Mtae.

La pili watu wanalisahau: malaria. Zanzibar imepungua sana, watoto wetu wengi hawajawahi kuumwa, kwa hivyo mwili hauna uzoefu nayo. Lushoto juu mbu ni wachache kwa sababu ya baridi, lakini mnapita na pengine kulala Dar, na ukanda wa chini wa Korogwe na Mombo una malaria. Chandarua kila usiku, na kwa mwenye selimundu muulizeni daktari kuhusu dawa ya kinga. Mkirudi, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja apimwe siku ile ile, na mwambieni mpimaji kuwa mlikuwa bara.

La tatu, nalikazia: jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala. Nyumba zetu huku zina upenyo, dirisha wazi, hewa inapita. Kule watu wanafunga kila kitu kwa baridi. Makaa yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, mtu anapata usingizi mzito, kichwa kinauma, kisha haamki. Kulitia jiko ndani "mpaka moto upungue" hakusaidii, makaa yanayofifia yanatoa gesi hiyo hiyo. Maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu iliyofungwa vizuri, ikavishwa soksi na kuwekwa miguuni, inatosha.

Kichefuchefu cha kona: wale kidogo saa 2 kabla, wasiwe na njaa wala wasishibe. Wakae mbele, watazame njia, simu ziwekwe. Dawa ya safari mwulizeni mfamasia kwa umri na uzito wa kila mmoja. Inanywewa nusu saa hadi saa 1 kabla ya Mombo. Mtoto akishaanza kutapika haina kazi tena. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi, chukueni kopo lenye kifuniko.

MamaWaWatano
Baridi. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kiasi cha nusu nyuzi na kidogo. Kwa mita 1,400 toa nyuzi 9 kwenye hali ya pwani. Julai Unguja usiku ni kama 21 au 22, Lushoto ni 12, na usiku mwengine hushuka hadi 10. Upande wa Mambo na Mtae, karibu mita 1,900, toa tatu nyengine. Mzungu ataiona ni hali nzuri. Sisi tunaolala na feni, tunatetemeka.

Nguo. Shida ya nguo zetu ni pamba: ikishika unyevu haikauki, na kule kwenye ukungu nguo uliyofua inaweza kukaa kamba siku 2 ikiwa bado mbichi. Kila mtu achukue fulana ya ndani ya kubana, shati la mikono mirefu, sweta la sufu au fulisi, na koti jepesi lisilopitisha maji. Tabaka nne nyembamba zinashinda koti moja zito, kwa sababu saa 6 mchana jua likitoka mtavua. Soksi jozi 4 kwa mtu, mbili ni za kulalia. Boshori kwa watoto na bibi. Haya yote yapo kwenye mitumba hapa hapa mjini, na kwa bei ya chini, maana nani Unguja anagombania sweta? Nunueni wiki kadhaa kabla, mfue. Wanawake, chini ya baibui suruali ya kubana, na kanga chukueni kwa kazi nyengine, kujifunika haitoshi.

Viatu: ndara na makubadhi ni vya ndani. Udongo wa kule ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Viatu vya kamba vyenye meno chini.

Kabla ya kulipa nyumba ya wageni ulizeni kwa simu, na mjibiwe wazi:

Maji ya moto yanapatikana vipi, hita ya umeme, boila ya kuni au ndoo? Ya kuni huwa jioni tu. Kwa nini ni muhimu: alfajiri. Udhu wa saa 11 kwa maji ya mlimani bibi hatauweza siku tano. Wekeni birika la umeme chumbani au chupa ya chai mbili zilizojazwa usiku.

Mablanketi mangapi kwa kitanda? Yawe mawili mazito. Chumba cha bibi kiwe chini. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko na ngazi ni za mawe bila mkono wa kushikia.

Mkikodi nyumba nzima, ulizeni umeme unalipwa na nani. Kule umeme wa kulipia kabla ni LUKU, si Tukuza ya kwetu, na token inataka namba ya mita ya nyumba ile. Ichukueni siku ya kwanza, mita isije ikazima saa 4 usiku mwenye nyumba yuko Tanga.

Chakula hakina wasiwasi, Lushoto Waislamu ni wengi, misikiti ipo, kuchinja ni kama huku. Kibla kaskazini vile vile. Baadhi ya nyumba za wageni ni za misheni, ni safi na tulivu, ulizeni tu kama wanapika nyama ya nguruwe jikoni hapo hapo. Samaki wabichi wa bahari msiwatarajie kila siku, vuteni pumzi kwa siku tano. Viazi, karoti, kabichi, maharage, ndizi, hivyo ndivyo vya kwao na ni vitamu. Mkipika wenyewe jueni maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hivyo maharage yanataka kulowekwa usiku mzima, na wali uongezeeni maji kidogo na dakika chache. Bizari nzima, iliki na tui la pakti chukueni kutoka nyumbani.

MsambaaWaDarajani
Naongeza ATM: zipo Lushoto mjini, toeni pesa pale. Vijijini mawakala wa simu wapo lakini salio linawaishia.

Na majina msichanganyikiwe. Kule kuna Vuga, ndiyo ilikuwa makao makuu ya watawala wa Kilindi, na kuna Malindi kwenye njia ya Mtae. Mtoto akisikia konda anaita "Malindi, Malindi" asidhani mmesharudi bandarini.

Mtembezi_Jozani
Kuhusu Mtae nitapingana kidogo na Nesi, ila si kwa mtoto yule, hapo yuko sawa.

Mtae ni kijiji kimekaa kwenye ukingo wa mwisho wa milima ya Usambara Magharibi, chini yake ni tambarare ya Mkomazi, ng'ambo ni milima ya Upare, na anga ikiwa safi sana Kilimanjaro inaonekana. Lushoto mjini huoni hivyo, mji uko bondeni. Watu wanaokwenda Lushoto wakasema "ni mji tu" hawakutoka mjini. Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, wakapafanya pa kukimbilia joto la pwani, na mpaka leo anayetoka pwani anafuata kitu kile kile, hewa.

Lakini kwa hesabu: Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60 za udongo, kupitia Magamba, na basi linachukua saa 3 au zaidi. Mabasi ya Mtae hushuka usiku wa alfajiri na kupanda mchana. Maana yake kwa basi huwezi kwenda na kurudi siku moja, lazima ulale. Kwa gari ya kukodi inawezekana: tokeni saa 12 asubuhi, ukungu unaanza kufunguka saa 4, mkae mpaka saa 8, mrudi kabla ya giza. Bibi na mtoto wabaki Lushoto na mtu mzima mmoja.

Wote pamoja nendeni Irente. Ni kama kilomita 5 au 6 kutoka mjini, kwa miguu saa 1 na nusu, kwa gari dakika chache kwa hiyo bibi anafika. Mnasimama juu ya jabali, Mazinde na mashamba ya mkonge yako chini kabisa. Hakuna ukuta wala uzio wa maana ukingoni. Kila mtoto ashikwe na mtu mzima mmoja, na nyinyi ni watatu kwa watoto wanne, kwa hivyo gawaneni zamu au chukueni mtembezaji. Asubuhi mapema bonde huwa limejaa mawingu na hamuoni kitu. Alasiri ni bora, mwanga unatoka magharibi.

Magamba ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), mnalipa ofisini na kupewa risiti na mwongozaji. Mbega wa kule ni weusi na weupe, si wekundu kama kima punju wa Jozani, watoto watapenda kulinganisha. Njia fupi ya saa 2 inatosha. Vijana wanaowadaka stendi wakisema "ofisi imefungwa, lipa kwangu", waacheni, nendeni ofisini wenyewe.

Soni msipite bure, maporomoko yanaonekana kutoka barabarani. Simameni dakika 15, kichefuchefu kitulie.

Mkoani_Mkoani
Kwa wa Pemba wanaosoma: hamna haja ya kuzunguka Dar. Ipo meli ya Pemba na Tanga, haitoki kila siku, ulizeni siku kabla hamjaomba ruhusa kazini. Tanga hadi Lushoto mabasi ya moja kwa moja yapo asubuhi, saa 4 hivi kupitia Muheza, Segera na Korogwe. Ndege ndogo za Unguja, Pemba na Tanga pia zipo, ila mzigo kwa kawaida ni kilo 15, na masweta yana uzito. Kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti, mkondo wa Pemba huchafuka. Wekeni siku moja ya akiba wakati wa kurudi.

UmmuSalim_Mombasa
Jazakumullahu kheir nyote. Basi ni likizo ya katikati ya mwaka, tunalala Mbezi, basi la saa 12, usiku wote Lushoto mjini. Mtae anakwenda mkubwa mmoja na mtoto mkubwa kwa gari ya kukodi. Swali moja la mwisho: kurudi, tunaweza kutoka Lushoto asubuhi tukawahi boti ya jioni?

MsambaaWaDarajani
Msikate tiketi ya boti siku hiyo. Basi la alfajiri likienda vizuri mko Mbezi saa 7 au 8 mchana, na boti ya mwisho ya jioni huondoka kiasi cha saa 10, ipo nafasi kwenye karatasi. Lakini mizani ya njiani, foleni ya Kibaha kuingia Dar, na tairi moja ikipasuka, tiketi 7 zimepotea. Katieni ya asubuhi inayofuata. Viazi na karoti mtakavyonunua vitieni kwenye gunia la matundu, si mfuko wa plastiki mgumu, joto la Dar likivikuta vimebanwa vinaoza kabla hamjafika Malindi. Hii yetu.